Kifaru Akivunjika Pembe

Dada yangu Mwende alinifungulia mlango Jumapili iliyopita, na kabla hajasema karibu nikapigwa na harufu. Vumbi la mjakaranda na rangi nyeusi ya viatu. Mtu mwingine angedhani nyumba hiyo ina fundi viatu. Mimi, mtu mwenye karakana mbili Industrial Area, mtu ambaye vijana wakisikia gari langu linapinda kona kila mmoja anakumbuka kazi yake, nilishika fremu ya mlango kama mzee anayepanda ngazi. Kwa maana nilijua dada yangu anafanya nini huko ndani, na nikajua anaogopa kiasi gani.

Alikuwa amenipigia simu siku chache kabla ya hapo. Wamempata na uvimbe kwenye titi, ni saratani, na sasa anangoja kuitwa hospitali akakatwe. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayekuambia stima imepotea. Nikamwambia asijali, nitalipia hospitali anayotaka, nitaongea na watu, mimi najulikana. Akasema, "Sawa, Mutua." Akakata simu. Ni harufu ndiyo iliyoniambia ukweli.

Kwa hivyo wacha niandike. Sikusoma sana, shule niliiacha kabla haijanizoea, na kila nilicho nacho nimekitoa kwa hii mikono. Lakini hili la kungoja kukatwa nalijua, kwa sababu mimi na Mwende tulishaishi ndani yake tukiwa watoto. Nyinyi wa rika langu mliolelewa mitaa ya Eastlands mtanielewa haraka. Mnakumbuka jinsi kila nyumba ilikuwa na sauti yake, unaweza kutembea ukiwa umefumba macho na ujue umefika kwa nani. Kwa fulani ni cherehani. Kwa fulani ni redio. Kwetu, Ziwani, chumba kimoja na pazia katikati, sauti ilikuwa msasa. Kwaruu, kwaruu, kwaruu, tangu chai ya asubuhi.

Baba alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaja na tezo moja kwenye mfuko, lile shoka dogo la kuchongea, na akapata nafasi katika kibanda cha wachongaji ng'ambo ya barabara. Nawaambia, na sisemi hivi kwa sababu ni baba yangu, hakukuwa na mkono kama ule Nairobi nzima. Alikuwa anatazama gogo, analizungusha mara moja, halafu anaanza kugonga kama mtu anayejua mnyama amejificha wapi. Kazi yake ilikuwa kumtoa mnyama ndani ya mti. Kazi ya Mama na sisi watoto ilikuwa kumtoa mnyama miiba. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zote za wachongaji. Jioni baba analeta gunia la wanyama wabichi, na kesho yake mama na watoto wanapiga msasa mkali, halafu msasa laini, halafu kitambaa na rangi ya viatu, mpaka kifaru anang'aa kama kiatu cha askari.

Sasa kuna kitu wanunuzi hawakujua, na sisi watoto wa wachongaji tulikijua kabla ya kujua kusoma. Mti una tabia. Unaweza kuchonga kifaru vizuri, umebakisha macho tu, na pembe inakatika. Hutupi. Unamnyoa kile kilichobaki cha pembe, unampunguza masikio, unampanua mdomo, na kifaru amekuwa kiboko. Twiga akivunjika shingo anakuwa pundamilia. Mnunuzi anamchukua kiboko wake na furaha, hajui kwamba wiki iliyopita alikuwa mtu mwingine. Lakini wapo ambao hawana pa kwenda. Tembo akikatika mkonga hakuna mnyama wa kumgeuza. Huyo anarudi nyumbani ndani ya gunia la kuni, na kesho ndiye anayewasha jiko la chai.

Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililonitesa.

Jambo lenyewe lilianza bila mtu kutuambia. Ghafla tu Mama hakuwa anaacha msasa. Zamani alikuwa anapiga huku anaimba nyimbo za kanisa, anasimama kukoroga sufuria, anacheka na watu wanaopita barazani. Sasa akawa anakaa kwenye kigoda na mnyama mapajani, anapiga msasa, macho yako ukutani. Ukimwita mara ya kwanza hasikii. Siku moja Baba aliinua kifaru aliyempatia jana yake, akamgeuzageuza.

"Mama Mwende," akasema, "huyu alikuwa mnene."

"Ni yeye."

"Amekonda."

"Si na sisi tumekonda," Mama akasema, na akaendelea.

Baba hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kwanza. Mnyama aliyeharibiwa na msasa, na Baba hasemi kitu!

Ukweli niliupata kwenye mfereji. Mfereji wa maji ulikuwa wa mstari mzima wa nyumba, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta wa kufulia kwa mambo yangu ya kitoto. Mama alikuwa anafua na jirani yetu, Mama Njoroge. Huyu alikuwa mwanamke wa Murang'a, muuzaji wa viazi, sauti yake ilikuwa ikianza asubuhi mnasikia mpaka barabarani. Siku hiyo alikuwa ananong'ona. Mama Njoroge kunong'ona!

"Si watatoa tu huo uvimbe?" akauliza.

"Daktari amesema wanakata yote. Upande mzima."

"Haiya. Yote?"

"Anasema wakiacha kidogo, itaenea."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema nitangoja waniite." Nikasikia maji yakimwagika. "Mama Njoroge, nikikatwa hivyo, nitakuwa nini?"

Mama Njoroge, mtu ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akakamua nguo. Mimi nikabaki nyuma ya ukuta, mgongo umekauka, kwa sababu mimi nililielewa lile swali kuliko yeye. Hata mimi ningemuuliza mchongaji hivyo hivyo. Kama kuna uozo kwenye gogo, unakata, na ukiacha kidogo unaenea, hiyo nilijua. Na ukishakata upande mzima, mnyama hawezi kubaki yule yule. Anageuzwa mwingine. Ama anaenda kwenye jiko.

Tangu hapo sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilikuwa namwona Mama anaenda hospitali akiwa Mama, na anarudi mwanamke mwingine, mama wa watoto wengine, anaingia mlangoni anatuuliza nyinyi ni wa nani. Na hiyo ndiyo ilikuwa afadhali. Ile nyingine sikuweza kuifikiria mpaka mwisho. Nikifika mahali pa jiko nilikuwa napiga kichwa changu kwa ngumi ili mawazo yaondoke.

Nikaanza kumsoma Mama. Kweli, nilimsoma kama kitabu, mimi ambaye vitabu vilinishinda. Kovu la mafuta ya chapati kwenye kifundo cha mkono wa kulia, lililofanana na jani. Jino lililopanda lingine. Kile kikohozi kidogo kabla hajaanza wimbo. Nilikuwa natafuta alama ambazo hata akigeuzwa zitabaki, ili akirudi niweze kumjua. Nilikuwa nafanya hivyo kila nikikaa karibu naye, mpaka akaniuliza, "Wewe Mutua, unanitazama kama askari wa kanjo. Nimeiba nini?"

Nilimpelekea Mwende habari hiyo, kwa sababu yeye alikuwa mkubwa, alikuwa anaenda kuwa msichana mzima, na alikuwa anajua mambo.

"Mama akigeuzwa, tutamjuaje?"

"Nani amekuambia Mama anageuzwa? Mjinga wewe. Atalazwa usingizi wa dawa, akatwe, aamke."

"Aamke akiwa nani?"

Mwende alichukua debe akaenda kwenye mfereji, na debe hilo lilikaa huko muda mrefu sana kuliko maji yanavyojaza debe. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kama yeye mkubwa hajui, nikasema ndani yangu, basi hakuna anayejua.

Nikabaki na mchongaji mwenyewe. Nilimwendea Baba kibandani, nikamuuliza kwa mzunguko, kama mtu anayejifunza kazi.

"Baba, twiga akivunjika shingo?"

"Pundamilia," akasema, bila kuinua macho.

"Kifaru, pembe?"

"Kiboko. Si unajua."

"Na tembo? Mkonga?"

"Huyo amekwisha. Huyo ni kuni."

"Na mtu?"

Tezo likasimama hewani. "Mtu gani?"

"Mtu akikatwa upande mmoja."

Baba alinitazama. Sijawahi kuona mtu mzima anatazama hivyo, kama mtu ambaye umemkuta hana nguo. Halafu akasema, "Nenda ulete maji ya kunywa," na mtungi ulikuwa umejaa hapo miguuni kwake.

Siku ya kuitwa ikafika. Mama alipanga kiondo chake: leso mbili, sabuni, malapa mapya ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Akaenda na Mama Njoroge. Nilimshika mkono, nikatazama kovu mara ya mwisho, nikasema sawa. Jioni wakarudi wote wawili na kiondo vilevile. Hakuna kitanda. Rudi tukikuita.

Mliowahi kungoja hivyo mnajua. Ukishajikaza mara ya kwanza, yale maumivu ya kujikaza hayatoki mwilini. Mama alirudi kwenye kigoda. Kwaruu, kwaruu. Ngozi ya vidole ikaisha, akafunga vitambaa, akaendelea. Mwende akipika, wali unaungua. Baba akija, anakaa upande wake, na wanazungumza juu ya bei ya mkaa. Hakuna mtu alitaja ugonjwa. Chumba kimoja, watu wanne, na hicho kitu katikati kimekaa kama mgeni ambaye kila mtu anajifanya hajamwona.

Akaitwa tena. Kiondo tena, malapa tena. Na tena akarudi nacho. Safari hii walimfikisha mpaka kwenye vazi la kijani, halafu wakasema mashine ya usingizi imeharibika. Alipoingia nyumbani hakukaa. Alikitoa kila kitu ndani ya kiondo, leso akaziweka kabatini, malapa akayavaa palepale kama ya kuendea chooni.

"Siendi tena," akasema. "Hata wakiniita. Mungu amesema."

Mama Njoroge alikuwa bado mlangoni anahema. "Mungu gani huyo anaongea kwa mashine iliyoharibika? Wa kwako ama wa kwangu?"

"Mama Njoroge, niache."

"Sikuachi. Mimi nikuache, halafu nani atanipigia ukuta usiku kwamba naongea sana?"

"Niache nife nikiwa mzima."

Hayo maneno yalisemwa mbele yetu. Mwende aliangusha kijiko. Mama Njoroge alijifuta uso na leso yake, akaenda bila kusema kwaheri, na hiyo pia ilikuwa mara ya kwanza.

Kwa hivyo sasa nikawa na hofu mbili, na zilikuwa zinavutana. Akienda atageuzwa. Asipoenda uozo utaenea. Niliona jinsi Baba alivyokuwa anatupa magogo ambayo uozo umefika moyoni. Hata hayachongwi. Nilikuwa mdogo, lakini niliona hakuna mlango wa kutokea.

Siku iliyofuata nilimpelekea Baba chakula cha mchana kibandani. Alikuwa na kazi ya mjakaranda, mama aliyebeba mtoto mgongoni, urefu wa mkono wangu. Kazi kama hiyo alikuwa anaifanya huku anaongea siasa. Leo alikuwa kimya, na mkono wake, ule mkono niliowaambia habari zake, ulikuwa unatetemeka. Kilonzo, aliyekaa kando yake, mtu wa mzaha sana, akamwambia, "Baba Mwende, leo unachonga ama unapasua kuni?"

Baba akagonga. Tezo likateleza. Kipande kikaruka kikaanguka kwenye vumbi karibu na mguu wangu, cha mviringo, kidogo, kama nusu ya limau. Nikatazama kile kipande, halafu nikatazama sanamu. Titi la kushoto limekwenda. Upande mzima umebaki bapa, mweupe, mbichi.

Vichwa vyote kibandani vikageuka. Wachongaji wale wote walijua habari za Mama, mimi nilikuwa nadhani ni siri. Kilonzo akaweka tezo lake chini.

"Itupe tu, ndugu yangu," akasema pole pole. "Chukua gogo lingine."

Baba akanyoosha mkono bila kutazama, akaiingiza kwenye gunia la kuni, na akanipa mimi gunia.

"Peleka nyumbani," akasema.

Mnaelewa nilichopewa nibebe? Nilivuka barabara na gunia hilo begani, na kila hatua lile umbo lilikuwa linanigonga mgongo, tok, tok, kama mtu anabisha. Nilikuwa nimepata jibu langu. Mtu akikatwa upande hana mnyama wa kugeuzwa. Ni kama tembo. Mchongaji mkuu wa Nairobi amesema, na amesema bila kufungua mdomo.

Nilipofika, Mama alikuwa amelala, uso ukutani. Nilimwaga kuni kando ya jiko, nikaitoa sanamu, nikaisukuma chini ya kitanda mpaka mwisho kabisa, nyuma ya sanduku. Nikaweka na viatu vya Baba mbele. Nikasema, wa kuchomwa watachomwa wengine, huyu hapana. Halafu nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kama askari wa zamu.

Mama aliamka akatafuta malapa. Hakuyaona, akainama, akapapasa chini ya kitanda. Mkono ukatoka na sanamu.

Aliitazama. Akaigeuza akaona mtoto mgongoni, akaigeuza tena. Kidole chake chenye kitambaa kikagusa pale palipo bapa.

"Nani ameweka hii hapa?"

Mimi nikapasuka. Nililia mpaka majirani wakasimama. "Usimchome! Mama, usimchome, mimi nitampiga msasa, atakuwa kitu, nitatafuta kitu, usimchome kwa jiko!"

"Nani anachoma nani? Mutua! Ongea vizuri."

Nikamwambia yote, pamoja na kamasi. Kifaru na kiboko. Mfereji. Kovu la mkono na jino. Nikamwambia kwamba sijui watamgeuza nani, lakini hata akiwa nani mimi nitamjua, ila asiwe kuni. Mwende alikuwa ameingia na debe la maji, akasimama nalo mkononi, hakulitua.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanichapa kwa kusikiliza mambo ya wakubwa. Alianza kutetemeka mabega, na sikujua kama ni kicheko au kilio, nadhani hata yeye hakujua. Alituvuta wote wawili, debe likamwagika, maji yakaenda mpaka chini ya pazia, na hakuna mtu alishughulika nayo. Kwa mara ya kwanza tangu jambo lianze, alisema, "Hata mimi naogopa. Naogopa sana, watoto wangu." Na nawaambia kitu cha ajabu. Niliposikia hivyo, hofu yangu ikapungua. Nilikuwa nimebeba yangu na yake bila kujua, na sasa yake ameichukua mwenyewe.

Kisha akajifuta uso. "Leta msasa," akasema. "Ule mkali kwanza."

Akakaa kwenye kigoda, akaiweka ile sanamu mapajani, na akaanza kupiga msasa pale mahali pabichi. Hakutazama ukuta. Alitazama anachofanya.

Baba alimkuta hivyo. Alisimama mlangoni na vumbi lake kichwani, na uso wake ukaanguka.

"Hiyo iliharibika," akasema.

Mama hakuacha kupiga. "Nani amekuambia?"

Baba aliweka tezo lake chini, akachuchumaa mbele ya kigoda. Akanyoosha mkono, na Mama akampa sanamu. Sasa, mchongaji akitaka kujua kazi imeiva haitazami kwa macho. Anafumba macho anapitisha kidole gumba. Baba akafumba macho. Akapitisha kidole pale bapa, kutoka juu mpaka chini, pole pole, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Machozi yalikuwa yanatoka chini ya kope zilizofungwa, na hakuyafuta.

"Hapa bado pana mkwaruzo," akasema. "Rudia."

Akachukua kipande cha msasa, akakaa sakafuni penye maji, na wakarudia pamoja.

Asubuhi yake nilikuta kiondo kimepangwa kando ya mlango. Malapa yalikuwa juu, yamefutwa.

Walipomwita mara ya tatu, Baba ndiye aliyempeleka. Sisi tulibaki kwa Mama Njoroge, anatupa viazi tumenye, na akitushika tumekaa kimya anatutukana kwa upendo. "Nyinyi Wakamba mnamenya viazi kama mnachonga twiga! Mtanibakishia nini niuze?" Lakini kila hatua za mtu zikisikika nje, kisu chake kilikuwa kinasimama kabla ya vyetu. Ile siku ilikuwa ndefu vibaya. Ninaweza kuwaonyesha hata leo ile alama ya ukuta niliyokuwa naitazama.

Jua lilikuwa linaenda chini tulipomwona Baba anapita katikati ya nyumba. Nilijaribu kuusoma mwendo wake, sikuuweza. Hakuwa na kiondo. Je, asipokuwa na kiondo ni vizuri au ni vibaya? Nilishika sketi ya Mwende, na Mwende akashika mkono wa Mama Njoroge, na tukasimama hivyo kama watu wanaongoja kugongwa.

Baba akafika. Midomo ilikuwa mikavu.

"Ameamka," akasema. "Anauliza kama mmekula."

Mama Njoroge alikaa chini palepale juu ya maganda.

Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hivyo nilingoja mpaka aliporudi. Na aliporudi, mimi shujaa nilijificha nyuma ya pazia. Nilisikia sauti yake, lakini sauti inaweza kuigwa. Akaniita. Nikatoa mkono tu.

"Nionyeshe kifundo."

Akanipa mkono wa kulia. Jani lilikuwa pale.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni wewe."

"Basi toka. Kifaru akivunjika pembe anakuwa nani?"

"Kiboko."

"Haya. Na mtoni mkali ni nani? Muulize mtu yeyote aliyekulia karibu na mto Athi." Akacheka, akajishika ubavu kwa sababu kucheka kulimuuma, akacheka tena.

Aliishi, Mama yangu. Aliishi mpaka akawabeba watoto wangu mgongoni na kuniambia nyumba yangu mpya ina vyumba vingi vya bure. Sanamu ile haikuuzwa kamwe. Ilikaa juu ya kabati, na alipofariki, kwa uzee wake na si kwa ugonjwa ule, Mwende ndiye aliyeichukua. Mimi nilichukua tezo.

Basi Jumapili nilipoachilia fremu ya mlango nikaingia, sanamu ilikuwa mapajani kwa Mwende. Gazeti limetandazwa sakafuni, kopo la rangi ya viatu limefunguliwa. Ameshakuwa nyanya sasa, kichwa cheupe, miwani. Nilianza hotuba yangu. Nikamwambia nina daktari ninayemjua, nikamwambia karakana zangu zina mashine za kupiga msasa, hiyo kazi ni ya dakika moja, nikaongea na kuongea.

"Mutua," akasema. "Uliniuliza siku ile, aamke akiwa nani. Sikukujibu."

"Nilikuwa mtoto."

"Nilikuwa sijui. Na hata sasa, huu ni usiku wa ngapi, nalala nikijiuliza hilo hilo." Akaweka kitambaa chini. "Naogopa, ndugu yangu."

Nilikuwa na maneno mengi, mimi si mtu wa kukosa maneno. Nilivua koti, nikakaa sakafuni juu ya gazeti, nikanyoosha mkono. Akanipa sanamu. Nikafumba macho, nikapitisha kidole gumba pale bapa, kutoka juu mpaka chini. Mama aliipiga msasa miaka yote ile, na Mwende baada yake. Palikuwa laini kama ndani ya kikombe. Hata msasa haukuwa na cha kushika.

"Hapa bado pana mkwaruzo," nikamwambia. "Rudia."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akakata karatasi ya msasa katikati, akanipa nusu.